Heshima isiyovumilia kukataliwa si heshima

Hebu sikiliza kwa makini jinsi wageni wanavyokaribishwa katika hafla zetu, iwe ni kongamano la wasomi, mahafali ya shule au mazishi ya mtu maarufu kijijini. Mfawidhi hushika kipaza sauti akaanza: "Tuko na Profesa Fulani, tuko na Daktari Fulani, tuko na Mhandisi Fulani, na pale kando yao tuko na mama yetu mpendwa." Watu hupiga makofi. Mama yetu mpendwa husimama, hupunga mkono, huketi.

Hakuna aliyekusudia kumtusi. Ukimuuliza mfawidhi atakuapia kwamba yule mama ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote, kwa maana ni yeye peke yake aliyeitwa "mpendwa." Ila kuna kitu kimepotea hapo. Mama yetu mpendwa naye ana shahada ya uzamifu. Naye ameandika vitabu na kusimamia tasnifu. Wenzake wametajwa kwa kazi waliyoifanya, yeye ametajwa kwa jinsia yake na kwa mapenzi yetu kwake. Kisha inapofika saa ya kugawa majukumu, profesa atatoa mhadhara, daktari ataujibu, na mama yetu mpendwa ataombwa atufungulie kwa sala au atoe neno la shukrani.

Nimezisikia orodha za aina hii kwa miaka mingi, na wiki hii nataka tuzijadili bila jazba. Mpaka kati ya adabu na ubaguzi wa kijinsia ni mwembamba, na katika lugha yetu unapita katikati ya maneno tunayoyapenda sana: mama, dada, mrembo, akina mama. Wapo wanaodai kwamba maneno haya ni matusi yaliyopakwa asali. Wapo wanaosema kwamba sisi ni Waafrika, huo ndio utamaduni wetu, tuacheni. Naona pande zote mbili zinaharakisha. Neno peke yake halituambii kitu. Tunapaswa kutazama linachofanya, na zaidi ya hapo, tutazame kinachotokea linapokataliwa.

Tuanze na lugha yenyewe. Adabu ya Kiswahili katika msingi wake imejengwa juu ya umri na cheo. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na marahaba hurudi kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kijana wa kiume humwamkia bibi mzee shikamoo bila kusita, na hakuna anayeona ajabu. Sarufi nayo haibagui. Ukisema "anasoma," kile kiambishi a- hakikuambii kama msomaji ni mwanamke au mwanamume. Mwalimu, daktari, hakimu, rubani, mbunge: majina yote haya yanawaenea wote. Kiingereza kimehangaika kwa miongo kadhaa kulitafutia tatizo hili suluhisho ambalo sisi tulizaliwa nalo.

Tazama pia majina ya heshima tuliyoyarithi. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja malkia Mwana Mkisi. Mshairi wa utendi maarufu wa mwaka 1858 aliitwa Mwana Kupona binti Msham. Hilo "Mwana" lilikuwa jina la hadhi. Halikueleza kama mwenyewe ameolewa, wala kama ni mzuri wa sura. Hata "Bi" tunayoitumia leo haimuulizi mwanamke habari za ndoa yake, tofauti na Kiingereza kilichowapanga wanawake kwa waliopata waume na wasiopata. Na ukitaka kuona neno la heshima likifanya kazi yake sawasawa, mkumbuke yule msichana wa Fumba, Unguja, aliyepewa jina la Mtumwa alipozaliwa. Alipokua akaimba na watu wakamjua, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye hadhi. Kwa jina hilo, Siti binti Saad, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Hiyo ndiyo adabu: ilimpata mtu chini ikampandisha.

Sisemi kwamba lugha yetu ni malaika. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mtu akitakiwa kuvumilia huambiwa ajikaze kiume, hata akiwa mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa. Mkono wa kulia, ule wa kulia chakula na kutoa salamu, huitwa pia mkono wa kuume. Kwa hiyo upendeleo umo humu humu ndani na haukuletwa wote na meli. Ninachosema ni kwamba adabu ya Kiswahili ilipokuwa katika hali yake nzuri ilimwongezea mwanamke jambo. Swali la kumuuliza mfawidhi wetu ni hilo basi: neno "mama yetu mpendwa" limemwongezea nini yule daktari, na limempunguzia nini?

Mfano mkubwa zaidi wa upungufu huu tunaubeba kila siku katika magazeti, redio na televisheni, na sidhani kama tunauona. Kifungu cha 97 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba Bunge la Taifa litakuwa na wabunge 290 wa maeneo bunge, na wanawake 47 ambao kila mmoja amechaguliwa na wapigakura waliosajiliwa wa kaunti. Soma tena hapo. Wapigakura wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Mzee wa Turkana na kijana wa Kisauni humpigia kura mbunge huyu sawa na wanavyompigia seneta na gavana. Kaunti nzima ndiyo eneo bunge lake, na mara nyingi ni kubwa mara kadhaa kuliko la mbunge wa kawaida.

Sisi tumemwitaje? Mwakilishi wa Wanawake. Yaani kwa tafsiri yetu, mtu aliyechaguliwa na kaunti nzima tumemkabidhi nusu ya kaunti. Wengine wamejaribu kurekebisha wakasema Mwakilishi wa Kike. Hiyo ina nafuu kidogo, ila bado haitaji kaunti, na tena hatujawahi kumwita mbunge yeyote Mwakilishi wa Kiume. Halafu jukwaani huitwa kwa upendo "mama kaunti," na anayempisha kipaza sauti humkumbusha kwamba akina mama wanamtegemea. Hukumbukwa zaidi sufuria, viti na mahema yanapogawiwa vikundi. Mjadala wa bajeti au usalama ukija, hutafutwa "mbunge mwenyewe." Jina limemchorea mipaka ya kazi ambayo Katiba haikuichora. Kwa maoni yangu angeitwa Mbunge wa Kaunti, basi. Ni jina fupi, ni sahihi, na halimnyimi mtu jambo.

Kwa hiyo mizani ya kwanza ni hii: je, kauli yako imemwachia mtu cheo alichokuja nacho? Ukimwita Dkt. Fulani kisha ukaongeza kwamba ni mama yetu mpendwa, umemwongezea. Ukiufuta udaktari ukaweka umama, umempunguzia. Tabasamu haliwezi kuifidia hasara hiyo.

Mizani ya pili inahusu wema unaoamua kwa niaba ya mtu. Namjua mhadhiri mmoja, ambaye sitamtaja wala kuitaja taasisi yake. Timu ya utafiti ilikuwa inakwenda nyanjani kwa majuma kadhaa kukusanya data ya lahaja. Wakubwa wakasema: "Huyu tumwache. Ana mtoto mchanga, barabara ni mbaya, tumhurumie." Mwenyewe hakuulizwa. Nyumbani kwake alikuwa ameshapanga kila kitu, mama yake mzazi alikuwa amefika kumlea mjukuu. Katika timu hiyo hiyo alikuwamo mwanamume ambaye mkewe alikuwa amejifungua mwezi huo huo. Yeye alipongezwa, akapewa mkono, akapanda gari. Makala zilizotokana na ile data zilibeba majina ya waliosafiri. Muda wa kupandishwa vyeo ulipofika, yule dada akaambiwa kwamba machapisho yake ni machache. Kweli yalikuwa machache, na waliofanya yawe machache ni watu waliomhurumia.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Glick na Susan Fiske, walieleza kwamba ubaguzi wa kijinsia una nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa uhasama, nao tunaujua: wanawake wanataka kututawala, wanalalamika ovyo, wamezidi. Uso wa pili ni wa wema: mwanamke ni ua, ni msafi kuliko sisi, ni dhaifu, tumlinde. Mtu angedhani kwamba nyuso hizi zinapingana, na kwamba pale penye wema mwingi uhasama ungekuwa kidogo. Mwaka 2000 wao na wenzao walichapisha matokeo kutoka mataifa 19, wakiwa wamewahoji watu wapatao 15,000. Wakakuta kwamba mataifa yenye alama za juu za wema wa aina hiyo ndiyo pia yenye alama za juu za uhasama. Nyuso mbili, kichwa kimoja.

Kwa nini viende pamoja? Kwa sababu wema ule una masharti. Unatolewa kwa mwanamke aliyekaa pale alipowekwa. Akisogea hatua moja, uso wa pili hugeuka ukawa wa kwanza. Hapa ndipo ninapoiona mizani ya tatu, ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Ukitaka kujua kama jambo ni adabu au ni ubaguzi, ngoja likataliwe.

Nenda stendi yoyote ya matatu. Makanga anamwita msichana: "Mrembo, njoo, kiti cha mbele ni chako!" Msichana anapita kimya, ana safari zake. Sekunde tatu hazijaisha utasikia: "Kwenda huko! Kwani unajiona nani? Hata si mrembo!" Urembo ulikuwapo, sasa haupo. Umeenda wapi? Makanga yuyo huyo huniita mimi "mzee" au "buda," nikimpita huita mwingine, wala hanifuati na laana. Kwangu alikuwa anatafuta abiria. Kwa yule msichana alikuwa ametoa mkopo na akataka kulipwa papo hapo.

Waliosoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, ambayo wanafunzi wetu wa sekondari waliitahiniwa kwa miaka kadhaa, watamkumbuka Ashua anapoingia ofisini mwa Majoka kutafuta msaada, watoto wakiwa na njaa. Majoka hamfokei. Anambembeleza kwa maneno matamu na anajifanya mwenye huruma. Ashua haridhii, na kabla ya siku kwisha yuko kizuizini. Wanafunzi wengi hujibu kwamba tukio hilo linaonyesha uonevu wa kiongozi. Ni kweli, ila ningependa walimu wawaulize swali moja zaidi: uonevu ulianza lini, alipofungwa au alipobembelezwa? Kwangu mimi yale maneno matamu na ile seli ni sentensi moja iliyokatwa na koma.

Tukitoka katika fasihi tuingie katika historia yetu, tunakutana na Wangari Maathai. Mwanamke huyu alipata shahada ya uzamifu mwaka 1971, wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Wengi wa waliomjibu hawakujibu hoja ya bustani. Bungeni alikejeliwa, hata talaka yake ikaletwa katika mjadala. Naye Rais Moi alisema hadharani kwamba mwanamke wa kweli wa desturi za Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Angalia lilivyotumika hilo neno heshima. Mwanamke wa Kiafrika huimbiwa sifa kila sherehe ya kitaifa: mlezi, nguzo, mama wa taifa. Aliposema "hapana" mara moja tu, sifa zikabadilika zikawa amri ya kufunga mdomo. Jumba lile halikujengwa, bustani ipo, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini somo la kilugha tusilisahau: heshima aliyoahidiwa ilikuwa ujira wa ukimya.

Najua wazee wenzangu watanijia juu. Watasema: "Profesa, mnatuharibia vijana. Siku hizi hata kumfungulia mwanamke mlango ni kosa?" La hasha. Mfungulie. Mfungulie na mwanamume aliyebeba vitabu mikono miwili, na kijana mwenye magongo. Mpishe kiti mama mjamzito kwa sababu ana mzigo, na mpishe mzee kwa sababu miguu imechoka. Akikuambia, "Asante, nitasimama," tabasamu uketi. Mambo yamekwisha. Adabu ni zawadi, na mwenye kutoa zawadi hadai risiti. Ukiona moyo wako unachemka kwa sababu mwanamke amekataa msaada wako, jiulize ulikuwa unampa nini hasa, au ulikuwa unamdai nini.

Watasema tena kwamba "mama" ni neno takatifu kwetu, haliwezi kuwa la kubagua. Nakubali kwamba ni neno zito. Katika jamii zetu nyingi mwanamke hupewa jina la mwanawe, akaitwa Mama Otieno au Mama Halima, na baba naye akaitwa Baba Otieno. Hapo pana usawa, wote wawili wametukuzwa kwa uzazi. Tatizo linaanza pale baba anapoingia mkutanoni akawa Mhandisi, na mama anapoingia mkutano ule ule akabaki mama. Isitoshe, sifa ya umama mara nyingi huja na kazi. Penina Muhando aliliona hili zamani katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, ambapo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo iliyoanguka na haisimami. Kumwita mtu nguzo ni kumsifu, sikatai. Lakini nguzo ni kitu kinachobeba paa bila kuulizwa kama kimechoka, na hakuna aliyewahi kuiomba nguzo itoe maoni.

Kuna pia sifa zinazomwinua mwanamke mmoja kwa kuwashusha wote waliobaki. "Ijapokuwa ni mwanamke, ameiongoza kaunti vizuri." Mwaka 2017 tulipowachagua magavana wanawake kwa mara ya kwanza, walikuwa watatu. Mwaka 2022 wakawa saba. Sentensi hii niliisikia nyakati zote mbili, na wasemaji walidhani wanasifu. "Ijapokuwa" ni kiunganishi cha kinzani. Hutangulia jambo linalotazamiwa kuzuia lile linalofuata: ijapokuwa mvua ilinyesha, tulifika. Anayekitumia hapa ameshasema, bila kujua, kwamba uanamke ni mvua na uongozi ni safari.

Tufanyeje basi? Si lazima tuanzishe kampeni. Mfawidhi na aandike vyeo vya wageni wote kabla ya kushika kipaza sauti, na akikosa cha mmoja, amuulize. Mwenyekiti wa mkutano anayetafuta mwandishi wa kumbukumbu asiangaze macho akitafuta sketi. Achukue aliyeandika jana ampumzishe, ampe mwingine. Mkuu wa idara anayetaka kumhurumia mwenzake aanze na sentensi ya maneno matatu: "Wewe unaonaje hapo?" Wahariri wetu, nawasihi, wamfikirie upya yule tunayemwita Mwakilishi wa Wanawake. Na walimu wa Kiswahili wawafundishe wanafunzi kwamba shikamoo haikuwa salamu ya mwanamke kwa mwanamume, ila ya mdogo kwa mkubwa, ili wajue kwamba usawa si mgeni katika lugha hii.

Neno "mrembo" halina kosa katika kamusi, wala "mama," wala "dada." Mke na mume, mtu na nduguye, marafiki waliozoeana, wana haki ya kuitana watakavyo. Mpaka unavukwa pale neno linapochukua nafasi ya jina la mtu, ya cheo chake au ya uamuzi wake, halafu likakasirika linaporudishwa. Mwanamke akikwambia, "Niite Daktari," usimuulize anajiona nani. Mwite Daktari, kisha endelea na mkutano.